Mwite kwa Jina Lake: Mwanamke Ambaye Hakujaliwa Mtoto

Asubuhi kwenye kliniki ya magonjwa ya wanawake, anayepokea wagonjwa hufungua faili na kuuliza, "Mama nani?" Kwa wengi hilo ni swali jepesi, kama salamu. Siku moja mama mmoja wa makamo, kanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso, alikaa kimya kitambo, akapangusa meza kwa kidole, kisha akasema taratibu, "Andika tu jina langu." Barua yake ya rufaa ilieleza kwamba miaka tisa nyuma alitolewa kizazi ili damu iliyokuwa ikimvuja baada ya kujifungua isimuue. Mtoto naye hakuishi.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, na mama huyo alinifundisha jambo ambalo darasani sikulipata. Tunaposema mwanamke hana mtoto, akilini mwetu tunamwona tasa, basi. Hatumwoni aliyezika watoto wake. Hatumwoni aliyetibiwa saratani akapona bila kizazi, wala yule ambaye mwenzi wa kuanza naye maisha hakutokea mpaka umri ukapita. Hakuna hata mmoja wao aliyechagua hali hiyo.

Ugumba wenyewe si jambo la watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita hukutana nao katika maisha yake. Kitabibu tunauita ugumba pale mimba inapokosekana baada ya miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga, na mwanamke aliyefikisha miaka 35 hashauriwi kusubiri zaidi ya miezi sita kabla ya kumwona daktari. Kwetu mirija kuziba ni sababu kubwa, mara nyingi kutokana na klamidia au kisonono kisichotibiwa, au maambukizi baada ya mimba kuharibika. Tatizo linaweza pia kuwa kwa mume, peke yake au pamoja na mkewe. Hata hivyo anayetangulia kuzungushwa kwa waganga, kunyweshwa dawa za chango na kuuziwa vya "kuzibua mirija" mtandaoni ni mke, hali kipimo cha mbegu za mume ni rahisi kuliko vipimo vyote atakavyofanyiwa yeye. Akina baba, njooni kliniki siku ya kwanza, msimtume mkeo.

Lakini wanawake wanaokaa mbele yangu hawalii sana kwa ajili ya vipimo. Wanalia kwa ajili ya shughuli. Jirani amejifungua, wenzake wanapita mlangoni na kanga na sabuni za kumpelekea mzazi, yeye hapitiwi. Akijipeleka mwenyewe na kumpakata mtoto, bibi anatokea, "hebu mlete kwanza, ana njaa," na mtoto kanyonya sasa hivi. Kila mtu ukumbini anajua kilichoogopwa ni jicho. Mwali wa dada yake anafundwa, yeye aliyemlea tangu darasa la kwanza anaachwa jikoni, kwa kuwa "hajazaa, atamfunda nini?" Akitoa ushauri kuhusu mtoto anayeumwa, anarushiwa ile ya uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kwenye michango, hata hivyo, hasahauliki: yeye si "hana wa kumsomesha"?

Kumpa nafasi yake hakuhitaji bajeti. Mpitie kama unavyowapitia wengine, naye aamue mwenyewe kwenda au kubaki. Siku nyingine atabaki, usimnunie. Mpe mtoto ampakate, usimsimamie kichwani. Msimwombee hadharani bila kumwuliza. Viongozi wa dini, nawaomba sana hili: kumwita mbele ya waumini wote kwamba "mwakani arudi na mtoto" ni kumfunga mzigo mbele ya watu. Na "bado tu?" ya mawifi na wafanyakazi wenzake ikome. Akitaka kusema atasema, kazi yako ni kusikiliza bila kumtajia mganga.

Kuna wanaosukumwa nje ya nyumba. Hapa Tanzania Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaorodhesha mambo yanayoweza kuonyesha kuwa ndoa imevunjika, na ugumba haumo. Na ndoa ikivunjika, kukosa mtoto hakumfutii mke haki ya jasho lake: mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Akifukuzwa asiondoke kimya. Aende ustawi wa jamii, au baraza la usuluhishi la kata. Akipigwa, aende dawati la jinsia polisi.

Halafu lipo lile la "si uchukue mtoto wa ndugu". Nimeona watoto wa namna hiyo wakilelewa kwa miaka kumi, kisha wakachukuliwa siku wazazi waliowazaa walipoona wameanza kufaa, na mlezi akabaki na sare za shule kabatini. Kwa anayetaka kulea, njia ya sheria ipo: malezi ya kambo (kumlea mtoto kwa muda) au kuasili (kumfanya mwanao kisheria) chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri na baadaye mahakama. Kwa Waislamu wengi kafala, yaani kumlea mtoto bila kumgeuza wa damu yako, ndiyo inayokubalika, mtoto akibaki na nasaba yake. Ila mtoto halelewi kama dawa ya majonzi, na asiyetaka kulea asishurutishwe.

Kwenye dawati letu swali la "Mama nani?" tumeliacha. Sasa tunauliza, "Ungependa tukuiteje?" Yule mama wa kanga aliporudi safari ya pili hakufikiri sana. Alisema aandikwe Mwalimu, maana ndivyo wanavyomwita watoto wa darasa la pili kila akipita mtaani.