Harufu mbaya ya kinywa haianzii tumboni

Mtu akinuka kinywa, wengi humwambia anywe dawa ya minyoo au asafishe tumbo. Ushauri huu ni wa siku nyingi, na unawachelewesha watu kupata nafuu. Umio, yaani mrija wa chakula kutoka kooni hadi tumboni, hukaa umefumba. Hufunguka tunapomeza au kucheua, kwa hiyo hewa ya tumboni haipandi ovyo. Kwa walio wengi, chanzo kimo mdomoni humo humo.

Kwangua ulimi taratibu kwa kijiko, sehemu ya nyuma, kisha nusa. Ule utando mweupe au wa manjano ni makazi ya bakteria wanaovunja mabaki ya chakula na chembe zilizokufa, wakitoa gesi za salfa zinazonuka kama yai viza. Wengine hujificha chini ya ufizi na kwenye meno yaliyotoboka. Mate yakipungua, kama usiku au wakati wa kufunga, harufu huzidi. Karafuu huifunika kwa muda tu.

Piga mswaki mara 2 kwa siku kwa dawa yenye floraidi, safisha ulimi, pitisha uzi katikati ya meno. Fizi zikitoka damu au ugaga, yaani uchafu unaoshika kwenye meno, ukiganda, mswaki peke yake hautoshi. Mwone daktari wa meno auondoe. Tonsili na kisukari pia huchangia, ila kwa wachache.