GeneXpert haitofautishi mate na makohozi

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mtu anayepanga bajeti za afya: mashine ya GeneXpert inapima TB yenyewe, basi ikiletwa roboti ya kupakia katriji (vikasha vinavyotiwa sampuli), maabara itabaki na mlinzi tu. Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Mwanza, na kauli hiyo inaniudhi kwa sababu itaumiza wagonjwa.

Mashine yenyewe ni msaada mkubwa. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2010, na ndani ya saa 2 inakupa jibu la TB na la usugu wa rifampisini, dawa kuu ya TB. Hapo sina neno.

Neno langu ni kopo la makohozi. Mvuvi amevuka kutoka Ukerewe, ana njaa, anaona aibu kukohoa mbele za watu. Mpe kopo umwelekeze nje tu, atakuletea mate. Mashine itayapokea! Kidhibiti kilichomo kwenye katriji kinakagua kama hatua za upimaji zimekwenda sawa. Hakikagui kama sampuli imetoka mapafuni au mdomoni. Hivyo jibu linatoka safi kabisa, "vimelea havikuonekana", na mtu anarudi kambini kulala chumba kimoja na wenzake huku anakohoa. Mashine haitalalamika. Anayezuia hilo ni mtumishi anayetoka naye hadi penye hewa: "Kaka, sukutua kwanza. Vuta pumzi ndefu, ishikilie, achia. Rudia. Sasa kohoa kutoka chini kabisa ya kifua." Kisha analitazama kopo kwenye mwanga. Likiwa na povu jepesi tupu, wanaanza upya, taratibu, maana ukimkaripia haonekani tena.

Kwenye eksrei nakubali hoja ya wanaotaka mashine zichukue kazi. Mwaka 2021 shirika hilohilo liliruhusu programu za kompyuta zisome picha za kifua badala ya binadamu, katika kusaka TB kwa wenye miaka 15 na zaidi. Kituo kisicho na msomaji wa picha kizitumie, hata kesho.

Ila kuna jibu la GeneXpert linalonisumbua. Katriji za Ultra, toleo jipya lenye kunasa zaidi, huweza kunasa vinasaba vichache mno vya vimelea vya TB, na mgonjwa akiwa aliwahi kutibiwa TB, huenda ni mabaki ya vimelea vilivyokufa, huenda ugonjwa umerudi. Karatasi haisemi ni kipi, nami siwezi kusema. Nampigia daktari, anamuuliza mgonjwa habari za jasho la usiku na kupungua uzito, tunaomba makohozi mengine ya kuotesha vimelea maabara tuone kama viko hai, na wakati mwingine anaamua akiwa bado na shaka.