Maji yametulia ufukweni, je, upepo haupo?

Asubuhi ya kusi pale Mikindani, maji hutulia kama yamo kwenye beseni. Mgeni aliyekuja kutembezwa kwa ngalawa anayatazama, anasema: "Leo hakuna upepo, twende." Katika dhana zote za baharini, hii ndiyo inayonitia hofu zaidi.

Kusi hutawala kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, na hutoka upande wa kusini na kusini mashariki. Kwenye fukwe zetu zinazotazama kaskazini, basi, unatoka nchi kavu kuelekea baharini. Mawimbi yanahitaji eneo refu la maji ili yakue. Hapo ufukweni hayajalipata, tena minazi na miinuko inaukinga upepo. Ukitoka nje ya ghuba, kinga imekwisha. Foromali, ule mti unaoshika tanga, ikivunjika huko, upepo huo haukurudishi nyumbani, unakupeleka mbali zaidi. Kwa hiyo usitazame maji ya miguuni pako. Tazama vilele vya minazi, tazama kama kuna povu jeupe kwenye mlango wa ghuba, kisha muulize nahodha mtarudi kwa upepo gani.

"Upepo wa nyuma ndio wa kasi na salama." Hapana. Chombo kinachosukumwa moja kwa moja kutoka nyuma hakiwezi kuupita upepo unaokisukuma, na kadiri kinavyokimbia ndivyo tanga linavyopungukiwa upepo. Vyombo vingi hukimbia zaidi kwa upepo wa ubavuni, kwa kuwa hewa hupita pande zote mbili za tanga na kulivuta kama bawa la ndege.

Upepo wa nyuma pia hudanganya ngozi. Ukivuma kwa kilomita 25 kwa saa na ngalawa ikaenda 10, wewe unahisi 15 tu. Jua kali, kicheko, kila mtu amevua fulana. Mkigeuka na kuanza kubisha, yaani kwenda kuukabili upepo, mwendo wa chombo unajumlishwa kwenye upepo, na usoni unapata karibu 30. Upepo ni uleule. Tena hakuna chombo cha tanga kinachokwenda moja kwa moja kwenye pepo za omo, zile zinazotoka mbele. Lazima kiende mshazari, kipindue, kiende tena. Mlikofika kwa nusu saa mnaweza kurudi kwa saa mbili, mmelowa na watoto wanatetemeka. Nimeyaona haya mara nyingi, na ndiyo maana napenda safari ianze kwa kubisha, ili kurudi kuwe kwepesi.

"Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ni mara mbili." Ni mara nne. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa, usiulinganishe na ule wa 20 uliouzoea. Punguza tanga mapema, au baki ufukweni.

"Kusi na kaskazi zikipokezana, bahari ni shwari na vimbunga ni vya Msumbiji." Tanga mbili, yaani kipindi hicho cha kupokezana, kweli huwa na siku tulivu sana. Lakini kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini mwa Msumbiji, jirani yetu kabisa, tarehe 25 Aprili 2019. Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024. Na kimbunga kilichoipiga Lindi yenyewe, mwaka 1952, kilikuja Aprili.