Eti "Hatuna Utamaduni Huo"

Juzi tena. Nipo kwenye send-off ya binti wa jirani, bwana mmoja wa meza yetu kasikia kwamba naongoza maigizo ya jukwaani, akanipa pole kama nimefiwa: "Sisi Waswahili hatuna utamaduni huo, ndugu yangu." Nikashindwa kumeza pilau. Umri wake ulionyesha wazi kwamba Dar ya miaka ya themanini na tisini aliiona.

Kikundi cha sanaa cha Muungano kilianzishwa 1980. Kikundi cha TOT (Tanzania One Theatre) cha Kapteni Komba kikaja 1992, wakawa wapinzani wa jadi. Wikiendi kumbi na baa zilikuwa zinajaa, watu wanalipa kiingilio kuona ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo na taarabu. Au kwa kuwa palikuwa na bia na mishikaki, lile halikuwa jukwaa?

Siku hizi hata jina tumenyang'anywa. Ukimwambia mtu twende kwenye tamthilia, anakuuliza ipo chaneli gani. Tena miaka na miaka tumezunguka na maigizo ya bure ya UKIMWI yaliyolipiwa na wafadhili, watu wakazoea kwamba igizo ni semina yenye ngoma. Hayo tuyaache.

Kinachoniudhi ni huu ukimya wa watazamaji wetu. Kule baa mtazamaji alikuwa ndani ya mchezo. Mke wa kwenye igizo akitaka kumpa mume limbwata, meza ya nyuma inapiga kelele: "Usile, baba!" Akinamama wanainuka kwa madaha kwenda kumtunza mwigizaji pesa. Mwigizaji mzuri alijua kungoja kelele zishuke, akazijibu, akarudi kwenye kisa. Sasa sisi wa vyuoni tumemwekea mtu huyo huyo viti vya mstari, giza, zima simu, usile, usiongee, na saa moja kamili mlango unafungwa. Katoka Mbagala, kapanda daladala mbili, foleni imemshika, kafika saa moja na robo. Niliwahi kuirudisha familia ya watu watano namna hiyo, tiketi wanazo mkononi. Nilijiona nina msimamo! Hawajarudi, na mimi nisingerudi.

Sasa mniache nijipinge. Televisheni ilipoanza Bara 1994, vichekesho na maigizo ya aina ile ile vikahamia sebuleni, bure, na vikundi vya kumbini vikapungua nguvu. Kwa hiyo uhuru wa kupiga kelele peke yake haukuviokoa. Na kuna wazo linaloninyima usingizi: huenda watu walifuata taarabu, igizo likawa kachumbari tu. Halafu zipo sehemu ambazo kelele zinaua kweli. Mwaka jana mama wa kwenye mchezo wetu anapokea barua ya msiba, kijana mmoja akaropoka, "Fungua, labda ni mkopo!" Ukumbi ulivunjika mbavu, nami pia nilicheka. Ile sehemu haikuinuka tena usiku ule.

Hata hivyo mwezi ujao tunajaribu. Jumapili saa tisa alasiri, watu wawahi usafiri wa kurudi. Mlango hautafungwa, na muuza mihogo atakaa ndani. Mwigizaji wangu mkongwe amenuna, anauliza afanyeje mtu akipanda kumtunza wakati yeye anakata roho. Nimemwambia apokee, kisha aendelee kufa.