Picha ya ubongo na baipola: dhana potofu zinazosikika Kisumu hadi Nakuru

Tangu akili unde (AI) iingie kwenye simu zetu, wazazi wengi wamekuwa wakiuliza: kama kompyuta inaweza kuandika insha, itashindwaje kusoma ubongo wa mwanangu na kunieleza kama atapata baipola? Baipola ni ugonjwa wa akili unaomrusha mtu kati ya vipindi vya huzuni nzito na vipindi vya kupanda, yaani msisimko wa kupita kiasi. Swali si la kijinga. Utafiti wa aina hiyo upo, na umeendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Shida ni kwamba habari zake zikifika huku kwetu zinakuwa zimeshaongezwa chumvi.

Dhana: MRI huonyesha baipola jinsi eksirei inavyoonyesha mfupa uliovunjika

La. MRI ni mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, ukiwemo ubongo, lakini hakuna doa wala kovu la baipola ambalo daktari anaweza kukuonyesha kwenye picha hizo. Mwaka 2018 kikundi cha kimataifa cha watafiti kiitwacho ENIGMA kilichapisha ulinganisho wa picha za watu 6,503, wakiwemo watu wazima 2,447 wenye baipola. Kiligundua kwamba tabaka la juu la ubongo wa wagonjwa ni jembamba kidogo, hasa sehemu za mbele na za ubavuni. Hiyo ni tofauti ya wastani wa kundi zima. Wakimbiaji wa Iten kwa wastani ni wembamba kuliko sisi wengine, lakini huwezi kumwona mtu mwembamba kwenye steji ya Kondele, Kisumu, ukaapa kwamba ni mkimbiaji.

Daktari akimwandikia mgonjwa wa aina hii MRI, mara nyingi anataka kuhakikisha hakuna kitu kingine: uvimbe, au jeraha la ajali ya bodaboda ambalo familia ililisahau.

Dhana: Kompyuta huona kile ambacho jicho la daktari halioni

Hapa pana ukweli kiasi. Kompyuta hupewa picha za watu ambao hali zao zinajulikana, itafute mpangilio unaowatenganisha, kisha ijaribiwe kwa picha ngeni. ENIGMA walifanya hivyo kwa watu 3,020 kutoka vituo 13. Kompyuta ilipatia takriban asilimia 65. Kubahatisha tu ni 50. Walipoipa picha za kituo ambacho haikufunzwa nacho, ilishuka hadi karibu 59.

Kwa nini ishuke? Kila mashine ya MRI hupiga picha kwa namna yake, na kompyuta haijui kwamba unataka ijifunze ugonjwa, si mashine. Kuna pia suala la dawa. Lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia aliandika kuihusu mwaka 1949 na bado ni nguzo ya matibabu, inahusishwa na tabaka nene zaidi la ubongo. Basi kompyuta inaweza kudhani imemtambua mgonjwa kumbe imeitambua dawa yake.

Na tusisahau kwamba hao wote walikuwa wameshaugua. Kumtambua aliyeugua ni jambo moja, kumtabiri atakayeugua ni jambo jingine kabisa, na vichwa vya habari huyachanganya haya mawili kila mara.

Dhana: Asilimia 75 ni alama ya kujivunia

Kwenye mtihani, ndiyo. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti mdogo uliolinganisha vijana 16 wazima wenye mzazi mwenye baipola na vijana 16 wasio na historia hiyo. Walipigwa picha wakitazama nyuso za watu, na kompyuta ikawatenganisha kwa usahihi wa asilimia 75. Ni matokeo ya kuvutia kweli, lakini ilichotambua ni nani ana mzazi mgonjwa. Hilo shangazi wa mtoto angekuambia bure.

Sasa tuchukulie chombo chenye usahihi huo kinaletwa kwenye shule ya Nakuru yenye wanafunzi 1,000. Baipola humpata takriban mtu 1 kati ya 100, kwa hiyo tuseme 10 kati yao wataugua maishani. Chombo kitawapata 7 au 8. Lakini kati ya wale 990 ambao hawataugua, robo nzima, yaani karibu 250, watawekwa kwenye orodha hiyohiyo kimakosa. Kwa kila mtoto aliyepatikana sawasawa, zaidi ya 30 wamebandikwa jina bure. Na tunajua shule za bweni zilivyo: jina la wazimu likishakukaa, hata uhamisho haulifuti.

Dhana: Mzazi akiwa na baipola, mtoto hawezi kuikwepa

Hii ndiyo inayowanyima watu usingizi, na ndiyo inayowafanya waitafute hiyo mashine.

Ni kweli ugonjwa huu hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Tafiti za mapacha hukadiria kwamba asilimia 60 hadi 85 ya tofauti kati ya watu katika hatari ya kuupata hutokana na jeni. Lakini hiyo si asilimia ya mtoto wako kuugua. Mwenye mzazi mmoja mwenye baipola huwa na uwezekano wa takriban 5 hadi 10 kati ya 100. Wengi hawaipati kamwe. Na hapa jeni ndizo zinazohusika, si juogi (mapepo), si laana ya ukoo, wala si mke aliyeolewa vibaya.

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walitengeneza kikokotoo cha hatari kwa watoto wa wazazi wenye baipola. Hakikutumia picha hata moja. Kiliuliza kuhusu hisia zinazobadilika ghafla, huzuni, wasiwasi, jinsi kijana anavyoendesha maisha yake ya kila siku, na umri ambao mzazi alianza kuugua. Ukichukua vijana wawili, mmoja akaugua baadaye na mwingine asiugue, kikokotoo kilimpa yule wa kwanza hatari kubwa zaidi mara 76 kati ya 100. Kwa maswali tu.

Kwa hiyo ukimpeleka kijana kwa afisa wa kliniki, au kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, usifiche historia ya familia kwa kuona haya. Ugonjwa huu mara nyingi huanza na sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, na dawa za sonona zikitolewa peke yake zinaweza kumrusha mgonjwa kwenye kipindi cha kupanda: usiku kadhaa bila usingizi na bila uchovu, maneno yasiyokwisha, pesa za karo kumalizwa kwa siku moja.

Dhana: Utafiti huu ni wa Wazungu, hautuhusu

Picha nyingi zilizofunza kompyuta hizo kweli si zetu, na ndiyo sababu ya kutoziamini haraka zikiletwa huku. Lakini Eldoret imeshiriki katika NeuroGAP-Psychosis, utafiti wa jeni wa Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, ambapo watu walitoa mate, si picha, kwa ajili ya uchunguzi wa baipola na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo. Ukiombwa kushiriki utafiti kama huo, fahamu kwamba sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na una haki ya kuuliza zitahifadhiwa wapi kabla ya kutia sahihi.

Dhana: MRI huunguza ubongo

Haiunguzi. Inatumia sumaku na mawimbi ya redio. Cha kuogopwa ni chuma: kifaa cha moyo, vibanio vya nywele, wigi lenye klipu.

Dhana: Hata kama si kamili, kulipia hakudhuru

Maelfu ya shilingi yakienda huko, nauli ya kliniki na dawa za miezi zinakosekana. Mtu akikuuzia kipimo cha kutabiri baipola, mwulize kilijaribiwa kwa watu wangapi ambao hakikufunzwa nao, wana umri gani, na baada ya miaka mingapi wangapi kati yao waliugua kweli. Akianza kukuonyesha picha za rangi badala ya kujibu, chukua mkoba wako.