Je, Shepard hawezi kufa katika Mass Effect 2?

Wachezaji wengi huamini kuwa Kamanda Shepard, shujaa wa mchezo wa video Mass Effect 2 (2010), hawezi kufa kabisa: akianguka vitani, mchezo hurudi nyuma kidogo na safari huendelea. Wana sababu, maana karibu mchezo mzima uko hivyo. Hata kifo chake cha mwanzoni hutenguliwa. Hufufuliwa baada ya miaka miwili.

Misheni ya mwisho ni tofauti. Wasipobaki hai wanakikosi angalau wawili, Shepard huruka kuifikia Normandy, chombo chake cha angani, lakini rubani peke yake hamudu kumvuta ndani. Huanguka, na hadithi yake huishia hapo. Faili lililohifadhi mchezo huo halipokelewi katika Mass Effect 3 ya 2012. Utaanza na Shepard mwingine, asiyebeba maamuzi yako. Kwangu, hilo ndilo linaloumiza zaidi.

Ukitaka kuhakikisha, hifadhi faili la pili kabla ya kuvuka Omega 4, lango la angani linaloelekea kwenye misheni hiyo ya mwisho. Nenda bila kuboresha chombo wala kupata uaminifu wa wenzako, gawa majukumu ovyo, kisha jaribu kulihamishia faili la mwisho kwenye sehemu ya tatu.