Bando la nyumbani na video: dhana potofu tisa na ukweli wake

Ruta ya 4G iliyowekewa GB 100 za mwezi inaweza kukata kabla ya wiki ya pili kuisha, na neno la kwanza kutoka sebuleni huwa kwamba kampuni inaiba data. Mara nyingi jibu liko humo humo ndani ya nyumba, na linapatikana kwa hesabu moja ambayo kila mwenye bando anapaswa kuijua.

Mwendo wa video hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, yaani Mbps. Bando huuzwa kwa gigabaiti, yaani GB. Baiti moja ni biti 8. Ukipiga hesabu, video inayovuta Mbps 1 kwa saa nzima hutumia GB 0.45. Basi chukua Mbps za video, zidisha kwa 0.45, unapata GB zinazoondoka kila saa. Mbps 5 ni GB 2.25 kwa saa. Mbps 15 ni GB 6.75. Hesabu hii ndiyo itakayotuongoza hadi mwisho.

Dhana: Filamu ni filamu, saa moja hula data ile ile

Netflix wenyewe hutaja viwango hivi: ubora wa chini hutumia GB 0.3 kwa saa, wa kati GB 0.7, wa juu hadi GB 3 kwa HD na hadi GB 7 kwa 4K. Nyumba inayotazama saa tatu kila siku hufikisha saa 90 kwa mwezi. Saa hizo 90 ni GB 27 kwa ubora wa chini, GB 63 kwa wa kati, hadi GB 270 kwa HD na hadi GB 630 kwa 4K. Watu ni wale wale, sebule ni ile ile, filamu ni zile zile, lakini matumizi yamezidi mara ishirini na zaidi.

Kwa runinga ya inchi 32 inayotazamwa kutoka mita tatu, ubora wa kati unatosha kwa taarifa ya habari, tamthilia, katuni na mahubiri. Mpira ni suala jingine. Picha hubadilika kila sekunde, nyasi na mashabiki hujaa vitu vidogo vidogo, na ubora ukibanwa mpira wenyewe hupotea machoni. Kama kuna mahali pa kutumia data kwa moyo mmoja, ni dakika 90 za mechi, si katuni zinazocheza wakati mtoto amelala.

Ubora wa Netflix hubadilishwa kwenye kivinjari: fungua akaunti, chagua wasifu, ingia kwenye mipangilio ya uchezaji, kisha weka kiwango cha matumizi ya data. Wengi hukwama kwa mambo mawili. Mpangilio huo ni wa kila wasifu peke yake, kwa hiyo ukibadilisha wa baba, wa watoto unabaki ulivyokuwa. Tena mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa nane kuanza kufanya kazi. Usijaribu dakika tano baadaye ukadhani imeshindikana.

Dhana: Nimewasha kiokoa data kwenye simu, basi hata nyumbani inabana

Hapa ndipo bando nyingi za Afrika Mashariki zinapopotea, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Simu na programu nyingi zimetengenezwa kwa kudhani kwamba Wi-Fi haina kikomo na laini ya simu ina kikomo. Ukiunganisha simu kwenye ruta ya 4G au 5G, simu haijui kwamba nyuma ya ile Wi-Fi kuna laini yenye bando. Inaona Wi-Fi, inajiachia. Duka la programu linaanza kusasisha kila kitu. Picha zinaanza kupanda kwenye hifadhi ya mtandaoni. WhatsApp inashusha kila video ya kila kundi. YouTube inapandisha ubora. Kiokoa data ulichowasha kinahusu laini ya simu tu.

Picha za harusi ni mfano mzuri. Kwenye iPhone, dakika moja ya video ya 4K ya fremu 30 kwa sekunde huchukua takriban MB 170 kwa mfumo wa kubana faili. Dakika kumi za maharusi wakiingia ukumbini ni GB 1.7, nazo zinapanda mtandaoni usiku simu ikiwa kwenye chaji. Data inayopanda huhesabiwa sawa na inayoshuka. Kama jamaa wanne walirekodi na wote wamelala kwako, hesabu unayo.

Dawa ni kuiambia simu kwamba Wi-Fi hii ina mita:

- Android: Mipangilio, Wi-Fi, gusa jina la mtandao wako, tafuta matumizi ya mtandao, kisha uchague kwamba mtandao huu unapima data. Menyu ya Kiingereza huandika "Metered".
- iPhone: Mipangilio, Wi-Fi, gusa alama ya i pembeni ya jina la mtandao, washa "Low Data Mode". Hapo masasisho ya kujiendesha na upandishaji wa picha husitishwa.
- Kompyuta ya Windows 10 au 11: mipangilio ya mtandao, sifa za Wi-Fi uliyounganishwa, washa "Metered connection".
- WhatsApp: Mipangilio, Hifadhi na data, kisha ondoa alama za video na nyaraka kwenye sehemu ya kupakua ukiwa kwenye Wi-Fi.
- YouTube ya simu: Mipangilio, ubora wa video, weka kiokoa data upande wa Wi-Fi pia.

Fanya hivyo kwenye kila kifaa cha nyumbani, na kwenye simu ya mgeni anayekaa zaidi ya siku moja. Runinga nyingi hazina mpangilio wa namna hii. Kwa hizo, banisha kwenye ruta: ingia kwenye ukurasa wa ruta, ipe runinga anwani ya IP isiyobadilika, kisha uiwekee ukomo wa spidi wa Mbps 3. Programu za video hupima spidi inayopatikana na kushusha ubora zenyewe, kwa hiyo runinga hiyo haiwezi kuzidi GB 1.35 kwa saa, hata mtoto achague nini. Si kila ruta ina uwezo huu. Tafuta menyu iitwayo "QoS" au "Bandwidth Control".

Dhana: Spidi kubwa au 5G inakula bando zaidi

Video ya Mbps 5 ni GB 2.25 kwa saa, iwe laini ni ya Mbps 10 au ya 200. Kinachobadilika ni ubora wa kujichagulia: laini ikiwa pana, programu inapanda hadi 1080p au 4K bila kukuuliza. Ukifunga ubora mwenyewe, 5G haikuongezei matumizi hata kidogo.

Ila kuna kitu kimoja ambacho spidi hukikuza kweli, nacho ni kipimo cha spidi chenyewe. Kwenye laini ya Mbps 100, sekunde 10 za kupima upande wa kupakua ni MB 125, kabla ya kupima upande wa kupakia. Anayepima mara tatu kwa siku humaliza zaidi ya GB 11 kwa mwezi kwa kupima tu.

Dhana: Ukizima runinga, video imesimama

Kijiti cha kutazamia au boksi la Android lililochomekwa kwenye umeme wake huendelea kuvuta video baada ya skrini kuzimwa. Netflix huuliza kama bado unatazama. Chaneli ya moja kwa moja haiulizi chochote. Mbps 5 kwa saa nane za usiku ni GB 18. Rudi kwenye skrini kuu ya kifaa kwanza ndipo uzime, au washa HDMI-CEC, mpangilio wa runinga unaoviunganisha vifaa, ili vilale pamoja. Samsung huiita Anynet+, LG huiita Simplink.

Kamera ya usalama inayopeleka picha mtandaoni saa zote ni mlaji mwingine asiyeonekana. Kwa Mbps 1 tu, ni GB 10.8 kwa siku, GB 324 kwa mwezi. Iwekee kadi ya kumbukumbu na uiache ipeleke mtandaoni pale tu inapoona mwendo.

Dhana: Chochote kinachopita kwenye Wi-Fi kinakatwa kwenye bando

Hapana. Filamu iliyo kwenye kompyuta yako ikichezwa kwenye runinga kupitia ruta haitoki nje ya nyumba, na mita ya kampuni haioni kitu. Kurusha video kwa Chromecast ni tofauti na hilo: simu inakuwa rimoti tu, na kifaa cha runinga ndicho kinachovuta video kutoka mtandaoni, mara nyingi kwa ubora wake chenyewe. Ndiyo maana mpangilio wa kubana data kwenye simu hausaidii hapo.

Dhana: VPN huokoa data

VPN, programu inayopitisha data yako kwenye njia ya siri, huifunga data hiyo kwenye bahasha ya ziada, na bahasha hiyo nayo huhesabiwa. Matumizi huongezeka kidogo.

Dhana: "Bila kikomo" maana yake hakuna kikomo

Vifurushi vingi vya faiba na vya ruta vina sera ya matumizi ya haki, ambayo wengi huijua kwa herufi FUP. Ukivuka kiasi fulani, huduma haikatwi, spidi inashushwa hadi mwezi uishe. Kabla ya kulipia, uliza mambo matatu na upate majibu kwa maandishi: kiasi chenyewe ni GB ngapi, spidi inashuka hadi Mbps ngapi, na inarudi tarehe gani. La pili ndilo zito kuliko yote. Ikishuka hadi Mbps 3, runinga moja bado inaonyesha 720p, kwa sababu hicho ndicho kiwango Netflix wanachopendekeza kwa ubora huo. Ikishuka hadi Mbps 1, utapata picha ya chini kwenye kifaa kimoja, na wa pili akiingia kila kitu kinaganda.

Linganisha pia vifurushi kwa saa za kutazama badala ya GB tupu. Mwaka 2024 Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, ilianzisha Kenya kifurushi cha GB 50 kwa shilingi 1,300 kwa mwezi. Kwa HD ya GB 3 kwa saa hiyo ni takriban saa 17 za kutazama. Kwa ubora wa kati ni saa 71. Nyumba ya barua pepe na masomo itakipenda. Nyumba ya tamthilia za HD saa tatu kila jioni itakimaliza ndani ya wiki.

Dhana: Vikomo vya mwezi vipo kwa sababu video zimejaza mtandao

Hili ni kweli kwa sehemu, na sehemu hiyo inategemea aina ya mtandao. Mnara wa 4G una masafa yaliyogawanywa kwa wote walio karibu nao, na setilaiti vile vile, kwa hiyo mtumiaji mkubwa huwabana majirani kweli. Lakini msongamano huja kwa saa: ni saa mbili usiku watu wote wanapotazama pamoja. Kikomo cha mwezi hakitofautishi GB ya saa tisa usiku na GB ya saa mbili usiku.

Kwa mitandao ya nyaya, kisa cha Comcast cha Marekani kinafundisha. Kampuni hiyo iliweka kikomo cha GB 250 mwaka 2008, ikakisimamisha mwaka 2012, ikarudi na majaribio ya GB 300, ikapanda hadi TB 1 (takriban GB 1,000) mwaka 2016, kisha TB 1.2 mwaka 2020, na kutoza dola 10 kwa kila GB 50 za ziada hadi dola 100 kwa mwezi. Machi 2020, watu walipofungiwa majumbani na matumizi kupanda, ilisimamisha kikomo hadi mwisho wa Juni, na mtandao ukaendelea kufanya kazi. Machi hiyo hiyo, ili kupunguza mzigo Ulaya, Netflix walishusha mwendo wa video kwa siku 30, hatua inayogusa moja kwa moja saa ya msongamano. Mwaka 2025 Comcast ilianza kuuza vifurushi vipya visivyo na kikomo. Kwa faiba na kebo, kikomo cha mwezi ni suala la bei zaidi kuliko la uwezo wa waya, na mteja ana haki ya kulijadili kama bei.

Dhana: Mita ya ruta na ya kampuni zisipofanana, umeibiwa

Tofauti ndogo ina sababu. Mita moja inaweza kuhesabu GB kwa 1,000 na nyingine kwa 1,024. Hapo peke yake pana asilimia 7. Ruta nyingi hufuta hesabu zikizimika umeme ukikatika. Tarehe ya kuanza mzunguko nayo yaweza kutofautiana.

Tofauti kubwa ichunguze hivi. Badilisha nenosiri la Wi-Fi, zima WPS (njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nenosiri), kisha unganisha vifaa vyako kimoja kimoja. Usitegemee majina yaliyo kwenye orodha ya ruta, kwani simu za siku hizi hutumia anwani za mtandao za kubuni, na simu yako mwenyewe yaweza kuonekana kama ngeni. Ondoa vifaa vyote isipokuwa kimoja. Andika salio la kampuni, tazama saa moja kamili kwa ubora uliofungwa, subiri salio lisasishwe, kisha linganisha na GB ambazo kifaa chenyewe kimerekodi. Rudia siku nyingine kwa saa tofauti. Pengo likizidi asilimia 15 mara zote mbili, peleka malalamiko kwa kampuni ukiwa na picha za skrini zenye tarehe na saa, na udai namba ya malalamiko. Wasipokujibu, Tanzania yanakwenda TCRA, Kenya yanakwenda Mamlaka ya Mawasiliano, na kote huko la kwanza utakaloulizwa ni ile namba.